Slava Haialikwi

Bojana Stamenić alishakwenda dirishani mara tisa, na hata saa sita mchana ilikuwa haijatimu. Mshumaa wa mtakatifu unawaka mezani, mkate umeshakatwa kanisani tangu asubuhi, ngano tamu iko kwenye bakuli, na sufuria ya nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi inatokota taratibu. Kila kitu kipo. Mtu mmoja tu hayupo.

"Utalitoboa hilo pazia," alisema Milunka, mama mkwe wake. "Kaa chini, mwanangu."

"Naangalia hali ya hewa, mama."

"Hali ya hewa siku hizi inaitwa Verica?"

Bojana akaliachia pazia. Verica ndiye aliyesimamia ndoa yake miaka kumi na minne iliyopita, na ndiye mama wa ubatizo wa binti yake. Pale mjini Čačak mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu. Ndugu unazaliwa unamkuta; huyu umemchagua mwenyewe mbele ya Mungu. Wao wawili waliitana somo. Kila Novemba ilipofika slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ile, Verica alikuwa wa kwanza kugonga mlango, na hakuna aliyemwita. Slava haialikwi. Anayejua siku huja, na aliyekuja hafukuzwi, awe yeyote yule. Kumwalika mtu ni kumwambia kwamba bila mwaliko hana kwake humo ndani.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Bojana ni karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, na miaka mitatu iliyopita aliamua kujikuza. Si vibaya, jamani, nani hataki kukua? Akalipia mafunzo mtandaoni, akafundishwa kuvuta pumzi, kuandika shukrani tatu kila asubuhi, kujipenda kwanza. Akafungua ukurasa wake, akapata wafuasi elfu kumi na moja. Lakini hao watu wana njaa isiyoisha. Leo umewalisha, kesho wanakodoa macho tena. Ikafika mahali mwanamke wa watu anakunywa kahawa huku anatafuta la kusema kuhusu kahawa, na yenyewe imepoa.

Siku moja ya Septemba hakuwa na la kusema, akasema hili: "Kuna mtu hunipigia kila siku saa moja asubuhi kunilalamikia mgongo wake, mumewe, na bei ya pilipili hoho. Nimejifunza kuweka mipaka. Mimi si jalala la mtu."

Bei ya pilipili hoho! Kwa nini hakutaja na jina kabisa? Mji mzima ulijua ni nani. Video ikatazamwa mara elfu tisini, mioyo myekundu ikamiminika, watu wakaandika "umenifungua macho". Verica hakuandika kitu. Simu ya saa moja ikakoma siku ile ile. Wiki ya saba sasa, na Bojana aliyetaka amani alikuwa akizinduka kabla ya jogoo, mkono unapapasa simu hata hajui anatafuta nini.

Aombe radhi? Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Amwalike? Mwiko. Ndipo jana yake akajiona mjanja, na werevu mwingi mbele kiza. Akaandika ukurasani: "Kesho ni slava yetu. Mlango uko wazi kwa kila anayenipenda." Akajiambia huo si mwaliko. Verica ataona tu, atakuja.

Saa saba kengele ikalia. Bojana akatoka mbio nusura aangushe bakuli la ngano. Mlangoni walisimama wanawake watatu asiowajua, na maua mikononi.

"Ni sisi! Wafuasi wako! Tumetoka Kraljevo, tukauliza nyumba yako njiani!"

Utawafukuza? Siku ya slava? Milunka aliwatazama wale wageni, akamtazama mkaza mwanawe, akashusha pumzi, kisha akawapa ngano kijiko kimoja kimoja kama mila inavyotaka. Mmoja wao, Snežana, akavuta kiti kilicho karibu na mshumaa. Kila mwaka hapo hukaa Verica.

"Video yako ya yule mama wa saa moja iliniokoa," alisema Snežana. "Mimi nimemkata dada yangu. Mwezi wa pili huu, hata salamu hatupeani."

"Na unajisikiaje?"

"Mwepesi." Snežana akaichungulia simu yake, akaifunika, akaichungulia tena. "Ila silali."

Milunka akaweka sinia mezani kwa kishindo.

"Huyo mama wa saa moja, mimi ndiye niliyemwomba apige," alisema. "Huyu mwenzenu mimba ilipomharibikia, alikuwa hanyanyuki kitandani. Ukimuuliza hali, anageukia ukutani. Verica akasema, basi mimi simuulizi hali, nitamlalamikia, maana anayelalamikiwa lazima anyanyuke ajibu. Miaka minne analalamika! Mgongo wenyewe mzima kama wa punda!"

Bojana akawa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alitoka na aproni yake kiunoni, akavuka barabara bila koti, akapanda ghorofa nne bila kupumzika.

Verica alifungua akiwa amevaa gauni lake la buluu, viatu vya kutokea, nywele zimetengenezwa. Chupa ya mvinyo ilikuwa tayari mezani, imefungwa utepe.

"Somo," alisema Bojana, "mama ameniambia. Nilikuwa mjinga. Ile video nimeifuta, nakuapia, ama nitaifuta sasa hivi..."

"Video nilikusamehe siku ile ile. Nilicheka hata. Pilipili hoho kweli zilikuwa ghali."

"Basi twende! Umeshavaa!"

"Nimevaa tangu saa nne. Nikashika mlango, ndipo binti yangu akanionyesha ulichoandika jana." Verica akaunyoosha utepe wa chupa. "Umenialika, Bojana. Miaka kumi na minne naingia kwako kama ninavyoingia jikoni kwangu, leo unanialika, tena pamoja na watu elfu kumi na moja."

Bojana akapapasa simu mfukoni mwa aproni.

"Rudi, una wageni," alisema Verica. Akamrekebishia ukosi wa blauzi, kwa mazoea. "Mwaka kesho nitakuja, au sitakuja. Ila tafadhali, usiniite."