Tumbo la Amissi Darasani

Mdogo wangu Amissi ni fundi wa mafriji hapa Buyenzi, na mtu asikudanganye, mikono yake ni ya dhahabu. Shida yake iko chini kidogo ya kifua. Lile tumbo analipenda kuliko ndugu zake wote, na mimi Assia nikiwemo, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Ramadhani ikiingia ni malalamiko tu. Eti joto la Bujumbura si la kufungia, eti mafriji ya watu yamejaa vyakula na yeye ndiye wa kuyafungua. Tunamwambia subira. Anasubiri, lakini uso wake utadhani amefiwa.

Mtu huyo Mungu akampa mke daktari. Saliha anafundisha vijana wanaoanza udaktari jinsi mwili ulivyopangwa ndani, na ana namna yake. Anamlaza mezani mtu mzima, mzima wa afya, halafu wanafunzi wanamchorea kwa kalamu juu ya ngozi: ini liko hapa, figo hapa, chakula kinapita hivi. Wakishachora, wanapitisha mashine ya ekografi juu ya michoro yao, waone kwenye skrini kama wamepatia au wamechora upuuzi. Anasema kijana akilichora ini kwa mkono wake, kisha akaliona likipanda na kushuka mtu anapopumua, hatalisahau mpaka anazeeka.

Mkuu wake, Profesa Révérien, hakuupenda mtindo huo. Kuchorana ni kazi ya watoto wa chekechea, alisema, na akatangaza kwamba atakuja kukaa darasani ajionee. Asiporidhika, kalamu zitarudi kabatini na mashine watapewa walimu wengine. Saliha aliihangaikia sana mashine ile mpaka ikapatikana. Wiki ile hakulala vizuri, hakula daku ya maana, na ukimsemesha anakujibu jambo jingine.

Somo lilikuwa kifuko cha nyongo. Kiko pale chini ya ini, na Saliha alinieleza mpaka hata mimi nikaelewa: ukiwa na njaa kinajaa na kuonekana wazi, ukila vyenye mafuta kinajikamua na kusinyaa. Kwa hiyo alimtaka mtu mwenye tumbo tupu. Atamtafuta wapi, na Ramadhani imeingia, na mume anaye ndani ya nyumba? Amissi akajipiga kifua, akakubali, kwa sharti moja tu: dada yake amsindikize, maana anaona haya kuvua shati mbele ya mabinti wa watu. Baba mzima ana watoto watatu, jamani.

Siku yenyewe ilipofika, Amissi akaanza kuogopa kwamba ataanguka kwa njaa pale mezani, watu wamcheke. Akawaza, akawazua. Ekografi aliijua vizuri, maana Saliha aliwahi kupimwa alipokuwa na mimba. Basi kwa akili zake mashine ile inaona watoto tu. Yeye hana mimba, itaona nini? Adhuhuri akapita kwa Mama Mawazo, yule Mkongomani wa Uvira anayepika nyuma ya magaraji, akajificha nyuma ya pazia, akala chapati na samaki wa mukeke wa kukaanga mpaka akatoa jasho. Akasukutua mdomo, akaja kunichukua huku akilamba midomo kama mtu mwenye kiu. Mimi mjinga nikamwonea huruma, nikamwombea dua njia nzima.

Darasani wakamlaza. Mwanafunzi mmoja, Landry, ndiye aliyeshika kalamu, na kila ikimgusa Amissi anajinyonga kwa kutekenywa, ini likaenda upande. Wakafuta, wakachora tena. Saliha akawaambia kwamba huyu amefunga tangu alfajiri, kwa hiyo wakichore kifuko cha nyongo kikiwa kimejaa. Wakakichora kikubwa, kizuri. Profesa alikaa nyuma, mikono kifuani.

Wakampaka yale mafuta ya baridi ya ekografi. Landry akapitisha mashine juu ya mchoro wake, akarudia, akainamisha kichwa.

“Madame,” akasema, “nyongo siioni. Na huku tumbo imejaa.”

Saliha akasogea kwenye skrini, akatazama, na nikamwona akielewa. Uso wake ulibadilika rangi. Profesa Révérien alikuwa ameshainuka, akauliza kwa upole wa kutisha kama mwalimu ana hakika nyongo inakaa upande huo. Nikamtazama mdogo wangu, macho yake yanakimbia huku na huku, na hapo mimi pia nikaelewa. Njia ya mwongo fupi, lakini hii, wallahi, ilikuwa fupi kupita kiasi. Ningemzaba kibao palepale.

Saliha akafungua mdomo. Kabla hajasema, Amissi akajiinua kwa viwiko, tumbo limejaa mistari na mafuta.

“Yeye hakukosea,” akasema. “Mi nilikula. Chapati na mukeke.”

Wakacheka wote, mpaka mabinti wa watu. Profesa akaja mbele, akamuuliza alikula saa ngapi na mafuta yalikuwa kiasi gani, Amissi akajibu kila swali akitazama dari. Kisha Profesa akaishika mashine mwenyewe, akawaonyesha ule mukeke tumboni na kile kifuko kilivyosinyaa, akawaamuru wafute na wamchore mtu aliyeshiba. Alipotoka akamwambia Saliha somo liendelee, na mtu huyuhuyu arudi siku nyingine akiwa na njaa ya kweli.

Jioni habari ilikuwa imeenea Buyenzi nzima. Tulipokuwa jikoni Saliha akanambia kwamba pale alipofungua mdomo alitaka kusema mashine imeharibika, ili mumewe asiaibike.

“Ungepoteza somo,” nikamwambia.

“Najua, wifi.”

Nikageukia sufuria nisimwonyeshe machozi. Hasira zangu zote ziliishia pale.

Magharibi ilipoadhiniwa tukakaa mkekani. Amissi hakuja. Alikuwa mlangoni, anasugua kipande cha friji ambacho kilikuwa safi tangu jana. Saliha akachukua sahani ya tende, akamfuata.

“Njoo ule, Baba Faridi.”

“Apana. Mi sikufunga.”

“Ile siku utailipa Idi ikiisha,” Saliha akasema. “Na mi niko na zangu za kulipa. Tutafunga wote wawili.”