Kwa Ndugu Asiowajua

Delma Malwer hakuwa mtu wa kuogopa sindano. Alikuwa amezaa watoto wanne, akazika mume, akapika miaka na miaka katika kantini ya shule ya msingi pale mjini Mackay, Queensland, ambako mafuta ya moto hayachagui mkono wa kurukia. Lakini asubuhi ile, alipofika mlangoni pa kliniki ya wasafiri, hakuingia. Akasogea mbele ya duka la viatu lililo jirani, akajifanya anatazama makubadhi.

Mara ya mwisho alipoingia kliniki hiyo alikuwa na kaka yake, Clarrie.

Safari yenyewe ilikuwa ya Clarrie tangu mwanzo. Babu yao, Malwer, alichukuliwa kisiwani Ambrym, ng'ambo ya bahari, angali kijana, akapakiwa merikebuni kuja Queensland kukata miwa ya wazungu, asirudi tena. Clarrie, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliwahi kumwona babu huyo: mzee aliyelima viazi vikuu nyuma ya nyumba na kuvisemesha kwa lugha ambayo hakumfundisha mtu. Delma hakuwa na kumbukumbu hata moja. Alichokuwa nacho ni hamu tu, na hamu hiyo aliirithi kama watu wanavyorithi pua. Jioni walikuwa wakikaa barazani, miwa imechanua ng'ambo ya barabara, Clarrie akisema, "Kule kwetu," na Delma akiitikia, "Kule kwetu," na hakuna kati yao aliyepata kukanyaga huko.

Clarrie alipostaafu kazi ya kiwanda cha sukari akaanza kuandikiana na mchungaji mmoja wa kisiwani, mpaka kikapatikana kijiji ambako jina la Malwer bado lilitajwa. Wakakata tiketi. Wakaja kliniki hii wakachanjwa siku moja, Clarrie akimtania nesi kwamba ngozi ya mjukuu wa mkata miwa itapindisha sindano. Haukupita muda corona ikafunga mipaka. Wakasubiri. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na kabla njia hazijafunguliwa moyo wa Clarrie ukasimama akiwa bustanini kwake, mpira wa maji mkononi.

Delma hakulia msibani. Alipika. Watu walikula, wakasifu, naye akaosha vyombo.

Sasa hapo dukani muuzaji alikuwa ameshamuuliza mara mbili anavaa namba ngapi. Delma akaona aibu, akashukuru, akaingia kliniki.

Nesi aliyemwita alikuwa Kerryn, mwanamke mwekundu wa uso, mama wa watoto wawili, ambaye zamani alikula chakula cha Delma pale shuleni. Kama watoto wote wa shule ile, hakuwa ameacha kumwita shangazi.

"Ingia, Shangazi Delma. Nilikuona kitambo kwenye makubadhi, nikajua unanikimbia."

"Nikukimbie wewe? Nilikuwa nakurudisha mwisho wa foleni ukiwa mdogo hivi."

"Na sikusahau. Leo foleni ni yangu."

"Ulikuwa unasukuma wenzako. Nichome taratibu, na ukumbuke nani alikuwa anakuongezea mchuzi."

Kerryn akacheka, akageukia kompyuta. Akaeleza kwamba chanjo ya homa ya ini aliyopewa zamani haikupotea, ya leo itaikamilisha. Ya homa ya matumbo ndiyo imeisha nguvu, hivyo itarudiwa. Halafu kuna vidonge vya malaria, aanze kuvimeza kabla hajaondoka. Macho yake yakatua kwenye jina jingine pale kwenye skrini.

"Na Mjomba Clarrie yuko nje? Naye alibakiza ya pili."

Delma akatazama mkono wake, shati limeshakunjwa mpaka begani.

"Clarrie ametangulia."

"Ambrym? Hakukusubiri?"

Nusura Delma aseme ndiyo. Neno lilifika mpaka mdomoni. Alimwona kabisa Clarrie amesimama ufukweni huko na kofia yake ya majani, amekasirika kidogo kwa kuwa dada yake amechelewa, na alitamani mtu mmoja duniani, japo nesi huyu, aendelee kuamini hivyo.

"La, mwanangu," akasema. "Amefariki."

Kerryn alisogeza kiti chake karibu, akaushika mkono wa Delma kwa muda. Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akauliza lile analoulizwa kila msafiri: anakwenda kutalii au kuona ndugu? Akaongeza kwamba swali hilo lina maana yake, kwani wanaokwenda kwa ndugu ndio wanaougua zaidi. Mtalii hukataa maji na chakula cha wenyeji, mwenye ndugu huona haya kukataa.

Ndugu gani? Delma hakuwajua sura wala sauti. Kama wangemkataa, hakuwa na ushahidi isipokuwa jina.

"Andika ndugu," akasema mwishowe. "Na unichome zote. Nitakula kila watakachonipa."

Baada ya sindano alitakiwa kukaa kidogo, aangaliwe kama mwili umepokea vyema. Akakaa kwenye viti vya ukutani. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, akaweka mkoba wake juu yake, kisha akauondoa.

Wiki chache baadaye Delma alishuka Ambrym kutoka ndege ndogo kwenye uwanja wa majani, vumbi la volkeno likiwa jeusi hadi njiani. Aliyempokea alikuwa Rosina, kikongwe mfupi mwenye nguvu, mjukuu wa kaka yake Malwer. Rosina hakuomba ushahidi. Alimzungukia Delma kama mtu anayekagua mbuzi, akamshika kidevu, akawaambia wenzake kwamba hili ndilo paji lao la uso. Wakamkalisha mkekani, wakamwekea laplap, mkate wa viazi vikuu vilivyokunwa, iliyotoka kwenye mawe ya moto, tui likichuruzika majanini. Delma akala mpaka akashindwa kupumua. Usemi wao aliushika nusu nusu; ulifanana na Kiingereza cha wazee wa kwao.

"Tuliambiwa mnakuja wawili," Rosina akasema.

Delma akamweleza habari za Clarrie.

"Na Malwer mwenyewe? Yeye alikufa lini?"

Hapo ndipo Delma alipofahamu kwamba barua za Clarrie ziliulizia jina tu, na huku hakuna aliyewahi kuletewa habari za kifo. Kwao Malwer alikuwa kijana aliyeshuka pwani siku moja akapotea; hawakumzika, hawakumlilia, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Akawasimulia: alizeeka, alizaa, alilima viazi vikuu, amelala Mackay karibu na miwa, na Clarrie yuko kando yake.

Rosina akaweka chini sahani yake.

"Mbona mmechelewa hivi kutuletea msiba?"

Akajifunika uso kwa kitambaa na kuanza kulia kwa sauti. Wanawake wengine wakampokea, wakitaja jina la Malwer, kisha la Clarrie, kana kwamba wote wawili wamekufa leo. Delma alitazama mikono yake, isiyokuwa na sufuria wala chombo cha kuosha. Naye akalia.

Walipotulia, Rosina akamwambia kuwa siku ya kumi watu wote hula pamoja, ndipo msiba unaondoka. Akamuuliza ndege yake ni lini.

"Kabla ya hapo," Delma akasema.

"Basi ibadilishe."

Delma akaibadilisha.