Mihogo ya Saa Nne

Kijiji chetu, nyuma ya Changamwe, kilikuzwa na reli. Garimoshi lilisimama saa nne asubuhi, na kina mama waliwauzia abiria madirishani mihogo ya nazi iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Mashamba yakapanuka, maduka yakajengwa. Kisha reli mpya ikapitishwa kwingine. Garimoshi likakoma, maduka yakafungwa moja moja, nasi vijana tukahamia mjini.

Mama yangu, mmoja wa wauzaji wale, hakuacha kupika. Kila siku aliinjika sufuria ile ile kubwa, mihogo iive saa nne. Nilipoambiwa, nilidhani ni ukaidi wa uzee. Mwezi uliopita nikamfuata kituoni, hasira zimenijaa.

“Mama, wallahi garimoshi haliji!”

“Najua. Shika upawa.”

Nikageuka. Nyuma yangu walikuwa wamepanga foleni waendesha bodaboda, mafundi wanaojenga nyumba mpya kwenye mashamba ya zamani, na mwalimu aliyekuja na bakuli lake. Hakuna aliyetazama relini.

Nikashika upawa, nikaanza kupakua.

“Garimoshi limekoma, mwanangu,” mama akasema. “Njaa ya saa nne haijakoma.”