Sauti ya Awad Ndani ya Kanda

Bibi Nabra Shalali hakukubali kuitwa kiziwi, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Alimsikia punda aliaye ng'ambo ya mfereji. Alisikia mlango ukifunguliwa. Alisikia kwamba mtu anasema. Kilichompotea ni maneno yenyewe. Yalimfikia yamevimba na kushikana kama tambi zilizolala ndani ya maziwa, naye akayatenganisha kwa kukisia. Salamu za Wanubi ni ndefu na hufuata mpango uleule siku zote, kwa hiyo katika salamu hakukosea kamwe. Mambo yaliharibika baada ya hapo.

"Nabra we! Mbuzi wako kala shela langu kambani!" alipiga kelele Dahiba, jirani aliyekua naye, kutoka baraza ya pili.

"Alhamdulillahi, sote wazima."

"Namshitaki mbuzi, ananijibu alhamdulillahi! Haya, na yeye mbuzi mpe salamu zangu."

Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki kusema na Nabra kwa maneno yaliyo wazi, naye alikuwa amekufa zamani.

Awad, mumewe, alikwenda Kuwait kufanya kazi ya ujenzi, apate pesa za kuezeka chumba cha wageni nyumbani, katika miaka ile ambayo wanaume hawakuandika barua, bali walisema ndani ya kanda na kumkabidhi msafiri. Kanda ilipofika, wanawake walijaa uani, kwa maana kila nyumba ilisalimiwa kwa jina, kuanzia ile iliyo karibu na msikiti hadi ile ya mwisho penye mfereji, na nyumba iliyotajwa ilipiga vigelegele. Kisha jibu lilisemwa juu ya kanda ileile, maneno mapya yakifuta ya zamani, ikarudi na msafiri. Kanda zilikuwa ghali, wala hakuna aliyeona haja ya kuwa na mbili.

Kanda ya mwisho ya Awad ilifika wakati wa kuvuna tende. Vigelegele vilifunika maneno yake ya mwisho. Haukupita muda ikaja habari kwamba ameanguka kutoka juu ya jengo na amekwisha kuzikwa hukohuko. Nabra aliifunga kanda katika kitambaa, akaitia sandukuni, maana katika nyumba ya msiba sauti ya marehemu haifunguliwi. Ilikaa humo miaka mingi. Aliitoa uzeeni tu, mwanawe Saleh alipohamia Kairo na nyumba ikawa kimya mno.

Tangu hapo, kila alasiri, alifunga mlango na kubonyeza kitufe cha mashine ya kanda. Mume wake akaja. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye ukungu, lakini alizisalimu nyumba moja baada ya nyingine, naye Nabra hakupotewa na jina hata moja. Mwishoni tu maneno yaliporomoka, na hapo ndipo palipokuwa na jambo alilotaka kulijua kabla ya kufa: je, Awad alikuwa na nia ya kurudi?

"Mwanamume akishanunua friji Kuwait, ujue kahamia," Dahiba alikuwa akimwambia tangu ujanani, kwa mzaha. Na mzaha huo ulikuwa umemkaa Nabra kooni maisha yake yote.

Shaya, binti wa Saleh, alikuja sikukuu. Nabra akampa mashine.

"Mwanangu, wewe una masikio mapya. Nisikilizie mwisho wake. Babu yako anasema nini?"

Shaya alisikiliza. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena, kisha akamtazama bibi yake.

"Bibi, jaribu na hivi kwanza," alisema hatimaye, akichomeka waya wa visikizio vyake vya masikioni. "Vinaleta sauti karibu."

Nabra akavivaa. Salamu zikaanza. Mara akainua mkono.

"Mtoto analia."

"Ndiyo, bibi."

"Huyo namsikia siku zote. Nilidhani ni wa kwa Dahiba." Akavishika visikizio kwa mikono miwili. "Kumbe yumo humu ndani."

Shaya akaongeza sauti kidogo.

"Awad alilala chumba kimoja na wanaume wanane," Nabra alisema polepole. "Mtoto katoka wapi?"

Akakaa akisikiliza kilio kile, nacho hakikuwa neno la kukisia. Alikijua. Ni Saleh, aliyekuwa akiota jino. Nyuma ya kilio ikamrudia jioni ambayo msiba ulikuwa umeifuta kabisa: msafiri ana haraka, ataondoka alfajiri, wanawake wamekwenda zao, yeye yuko peke yake mbele ya mashine, mtoto mgongoni, akimsemea Awad jibu juu ya kanda ileile, salamu za nyumba zote kwa mpango uleule. Alfajiri msafiri hakupita. Badala yake ilipita habari.

"Ni sauti ya mwanamke," alisema.

"Ni wewe, bibi."

Alivua visikizio, akavikunja vizuri, akavirudisha. "Toa waya. Ifungue kama ilivyokuwa."

Shaya akafanya hivyo. Katika spika kuukuu Awad akarudi, mzito, mwenye ukungu, akaanza na nyumba iliyo karibu na msikiti. Uso wa Nabra ukalegea. Lakini sasa chini ya sauti ile palikuwa na mwanamke kijana, aliyekuwa akimwita Awad. Wala hangeweza tena kutomsikia.

"Huyo mwanamke mwishoni anasema nini?"

"Anasema: Awad, chumba cha wageni acha, paa litangoja. Njoo tu."

"Naye kajibu nini?"

"Kanda imeisha, bibi."

Mashine ilikuwa bado ikivuma. Nabra aliielekezea sikio lake zuri, akanyamaza kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kusema na sasa ni zamu ya mwenzake.