Mpira Ukiingia Upesi

Dada yangu ni fundi cherehani, na uwanja wa gofu hajawahi kuuona kwa macho yake. Lakini mpe simu yenye ule mchezo wa gofu ndogo wa mtandaoni, atakuingizia mpira shimoni kwa pigo moja, kisha ashike mkasi aendelee na suruali ya mtu. Mimi ninayeshona vifungo pembeni yake nilijaribu mpaka nikasalimu amri.

Mchezo aliletewa na binti yake wa pekee, yule tunayemwita Kibonge ingawa siku hizi picha zake zinaonyesha mifupa mitupu. Kibonge alikulia chini ya meza hii hii, akichezea vipande vya vitambaa. Sasa anatunza wazee nchi za watu. Simu zao zilikuwa zimekauka. Umekula? Nimekula. Kazi je? Tunamshukuru Mungu. Basi, kimya. Ndipo mtoto akasema, "Mama, weka huu mchezo, tucheze huku tunaongea nikiwa mapumzikoni."

Jamani, siku zile za mwanzo zilikuwa tamu. Dada anapiga mpira unaishia majini, Kibonge kule anacheka, anamwelekeza taratibu. "Usilenge shimo, mama. Lenga ukuta, mpira udunde uingie wenyewe. Kwenye kinu cha upepo, subiri panga lipite ndiyo uachie. Mteremkoni usivute sana." Katikati ya maelekezo, maneno mengine yanachomoka: mgongo unaomuuma, baridi, bibi mmoja anayesahau na kumwita kwa jina la bintiye. Raundi moja ilimaliza mapumziko yote.

Sasa dada yangu kazi ya nusunusu haiwezi. Mtaka cha mvunguni huinama, naye aliinama mpaka shingo ikakaza. Kila mteja akitoka, mazoezi. Alichukua chaki ya kukatia nguo, akaweka kidoti kwenye kioo cha simu, pale ukutani mpira unapotakiwa kugonga, halafu akavuta kidole polepole kama anavyovuta uzi usikatike. Alitaka mtoto ajivunie mama yake. Nikamwambia, "Utaitoboa hiyo simu." Akanisonya.

Basi akajiharibia mwenyewe. Shimo pigo moja, shimo pigo moja, raundi inakwisha chai haijapoa. "Hongera mama, umehitimu," Kibonge anasema. "Ngoja nijinyooshe kidogo." Anakata. Dada anabaki ameshika simu, chaki imemjaa vidoleni. Siku moja aliniambia waziwazi, "Nimemkumbuka mwanangu mpaka kifua kinauma, na hapa nimetoka kuongea naye."

Juzi nikamwona anakosea. Kile kinu anachokiweza hata akifumba macho, akaachia mpira panga likiwa katikati. Ukarudi. Akaachia tena vilevile. Nikamtazama, akanikata jicho.

"Mama," sauti ya Kibonge ikatoka kwenye simu, "hilo shimo si unaliweza?"

Dada yangu hajui kudanganya. Suruali yako ikiwa haifai tena kiraka, atakuambia mbele ya watu. "Naliweza," akasema. "Lakini mpira ukiingia, wewe unaondoka."

Nikaweka sindano chini. Kisha tukaona kwenye kioo mpira wa Kibonge, mwalimu mwenyewe, ukiupita ukuta, ukilipita shimo, ukatumbukia majini.

"Nimekosa," akasema. "Hebu nielekeze, mama. Taratibu tu."

Mteja alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake mkononi. Nikampa ishara arudi kesho. Dada akafuta kile kidoti cha chaki kwa upindo wa nguo yake, akavuta kiti karibu na meza.

"Kwanza," akasema, "usilenge shimo."