Nani anampikia mume wangu pale darajani

Leo nimemfuata mume wangu, mtoto mgongoni, nikagombane na mwanamke.

Kila Jumamosi anakwenda kujitolea stesheni. Wanakwangua kutu kwenye lile daraja la chuma la enzi za Mjerumani, linalozunguka kugeuza vichwa vya treni.

Akirudi, chakula changu hagusi. "Nimeshiba, Mama Neema."

Ameshiba kwa nani?

Nimewakuta wanakula. Wenzake wote wamekaa pamoja. Yeye peke yake yuko nyuma ya chuma, ametupa mgongo, anamega ugali wa uwele na mlenda.

Jamani, moyo uliniuma. Mbona anajificha?

Nikauliza kwa sauti, "Nani anampikia huyu?"

"Mimi."

Nikageuka. Mama yangu mzazi, mwiko mkononi.

Hata shikamoo nilisahau.

Kumbe naye amejitolea, anawapikia. Na kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, ndiyo maana mwenzangu kageukia kule.

"Ningekuambiaje kwamba nashibia ukweni?" akasema, bado katupa mgongo.

Mama akamalizia, "Mlenda wako mwepesi, mwanangu. Tangu zamani."

Watu wakacheka.

Baadaye wakapaka grisi, wakasukuma. Daraja likagoma. Mume wangu akaniita, "Mama Neema, njoo ushike hapa, kando yangu."

Nikashika. Likazunguka taratibu, likilia, na Neema mgongoni akalijibu.

Nimefurahi, ila mama bado namwonea wivu.

Mnaojua mlenda mzito, nielekezeni. Jumamosi nakwenda na chungu changu.