Waliotuzibia Wikio

Nikiulizwa kama vita vile vya Mwingereza na Mjerumani vilifika Amu, ambako wengine huita Lamu, hujibu kwamba vilifika, na watu hawaniamini. Husema hakuna mzinga uliolia kwetu, hakuna nyumba iliyochomwa. Ni kweli, hakuna kilichochomwa. Kwetu vita havikubomoa, vilijenga, na waliojenga walikuwa wanaume wawili waliokuwa wakila sinia moja.

Nyumba yetu na ya mama mdogo zilikuwa za mawe, zimeelekeana, na njia iliyopita kati yake ilikuwa nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hawapishani. Babu alizijenga kwa ajili ya binti zake wawili, kama ilivyokuwa desturi ya wenye majumba: mwanamke hukaa kwake, mume ndiye anayehamia. Juu ya njia alipitisha wikio, yaani chumba kidogo kilichoegemea nyumba hii na ile, ili mabinti watembeleane bila kushuka chini. Mama aliweza kumaliza mwaka bila kukanyaga mchanga wa njia. Aliona fahari kwa hilo, na alilisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na ndiyo kwanza nimetiwa utawani, kwa hiyo nilikuwa sitoki wala sionwi na mwanamume asiye wa kwetu. Baba alikuwa karani kwa liwali. Mume wa mama mdogo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na wanafunzi wake walimwogopa kuliko walivyowaogopa baba zao. Mtu akiwaona yeye na baba wakitaniana angedhani ni wao waliozaliwa tumbo moja, si wake zao.

Vita vilipoanza, kila mmoja wao alijikuta ana bwana wake. Sultani wa Unguja, ambaye bendera yake nyekundu ilipepea pwani yetu, alikuwa upande wa Mwingereza, na barua yake ikaja kutuhimiza sote tuwe watiifu. Khalifa wa Stambuli, mkuu wa Waislamu, alikuwa upande wa Mjerumani. Tena mwalimu alikuwa na kaka yake Tanga, akida katika serikali ya Kijerumani. Ukisikia mtu ana moyo mmoja na mabwana wawili, huyo atapata shida. Sisi tulikuwa mji mzima wa namna hiyo.

Ijumaa moja khatibu alimwombea dua Sultani wa Unguja na jeshi la rafiki zake. Mwalimu akainuka katikati ya hotuba. Anayesali Ijumaa anajua uzito wa jambo hilo: khatibu akiwa juu ya mimbari, hata kumwambia mwenzako anyamaze ni kosa. Yeye aliinuka, akachukua viatu vyake mkononi, akatoka, na watu kama wanane wakamfuata. Habari ilitufikia sisi wanawake kabla baba hajarudi.

Baba alipofika alipitiliza mpaka kwenye wikio, na mwalimu naye alikuwa amekwisha kusimama upande wake, anamngoja.

"Umenivunda uso mbee za watu," baba alisema.

"Khalifa wa Waislamu ni mmoja," mwalimu akajibu. "Weye umemuuzia Mngereza dini yako."

"Na bendera ya bomani ni ya nani? Yeo wasema hivi ndani ya nyumba yangu, kesho askari waja kutufunga kamba sote!"

"Nyumba yako?" mwalimu akacheka. "Nyumba ya mkeo."

Neno hilo halikuwa la kusemwa. Lilikuwa kweli, na ukweli wa aina hiyo ukimgusa mwanamume mbele ya mkewe na bintiye hausahauliki. Siku ya tatu baba alileta mwashi, mawe ya Manda na chokaa. Kabla mwashi hajapanda, mama alisimama katikati ya wikio akamuuliza baba ukuta ule unajengwa katika nyumba ya nani.

"Nyumba ni yako," baba alisema. "Shingo ni yangu. Askari wakiya kumshika bwana yule, sitaki waone mlango unaotoka kwake ukaingia kwangu."

Mama akasubiri mwalimu apinge kutoka ng'ambo. Alichokisema mwalimu nakikumbuka mpaka leo. Alimwita mwashi akamwambia, "Ongeza chokaa, usiwate tundu." Ndiyo sababu sikubali mtu anapotaka niseme nani kati yao alikuwa na haki. Wote wawili walizijenga zile kuta za roho zao, na ule wa mawe wakautia katika nyumba ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezimiliki.

Mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi sita. Alikwisha kuzika watoto wawili, na mama alikuwa amemwahidi kwamba safari hii atakaa nyuma yake, amshike mgongo toka uchungu wa kwanza mpaka mtoto alie. Alimwahidi kwa kiapo, na mimi nilikuwapo. Ukuta ulipokwisha, kila asubuhi waligonga mara tatu, huyu huku na yule kule, wakazungumza kwa sauti ya juu kupitia mawe. Ulikuwa ukuta wa haraka, mwembamba, na sauti ilipenya.

Haikuchukua muda mwalimu akashikwa. Askari walipata barua za kaka yake wa Tanga, wakampeleka Mombasa. Baba aliapa kwamba si yeye aliyemtaja, nami nilimwamini. Lakini hakumtetea pia, na alikuwa ofisini palepale siku ilipoandikwa hati ya kumshika. Mchuma janga hula na wa kwao, watu walisema. Sisi tulikuwa tukila, na bado hatujashiba.

Uchungu ulimshika mama mdogo siku ya kazi, baada ya adhuhuri. Tulimsikia. Mama akaweka kiganja ukutani, akasema, "Nipo, nipo," na kule mama mdogo akamwita aje, "Ndoo basi!"

Aliyemhudumia alikuwa mkunga wa mtaa wa Langoni, mwanamke aliyezaliwa mtumwa katika nyumba ya babu. Serikali ilikuwa imefuta utumwa miaka michache kabla ya vita, naye akaondoka siku hiyohiyo, akaolewa na mchukuzi. Basi akashuka, akavuka njia, akapanda kwetu. Zamani alikuwa akimwita mama "mwana", kama walivyoitwa mabibi wa majumba. Siku ile alimwita dada.

"Dada, mdogo wako akwita. Mtoto mekaa vibaya. Ataka mtu wa kumshika, na mimi mikono yangu ni miwili."

"Nitafutie watu wa shiraa," mama alisema.

Shiraa ilikuwa pazia kubwa lililoshikiliwa kwa miti, na mwanamke wa kiungwana alitembea ndani yake asionekane hata ukucha. Waliobeba miti ile walikuwa watumwa. Mkunga mwenyewe aliibeba miaka kumi, kwa mabega yale yale aliyosimama nayo mbele yetu.

"Watu hao hawapo tena," alisema. Akavua buibui lake akaliweka juu ya kasha. "Vaa hili. Ni hatua kumi."

Buibui lilikuwa jipya mjini wakati ule. Waliolivaa kwanza walikuwa wanawake wa Langoni na wale waliotoka utumwani, na mabibi wa mtaa wetu walikuwa wakiwacheka madirishani. Mama alikuwa amecheka kuliko wote.

"Na weye utarudi vipi?" aliuliza, kama mtu anayetafuta kisingizio.

"Mimi nimezoea kuonekana," mkunga alisema, akashuka na leso yake.

Mama akabaki anatembea, toka kasha mpaka ukutani, toka ukutani mpaka kasha. Aliligusa lile buibui kwa ncha ya vidole, kama chakula kilichochacha. Akaniambia jua likitua atakwenda, kwa kuwa magharibi njia huwa tupu na hata mabibi hutoka. Nikamwambia jua bado liko juu. Akaniambia ninyamaze. Alasiri ikaadhiniwa. Ng'ambo mama mdogo hakuwa akiita tena jina la Mungu, alikuwa akiita jina la mama, na kila alipoita, mama alijibu, "Nipo!" Nilimchukia kwa neno lile. Hakuwapo. Ningeweza kwenda mimi, nimeliwaza hilo maisha yangu yote, lakini nilikuwa nimelelewa naye, na hofu ya kuonekana ilikuwa yangu pia.

Kisha tukasikia mtoto akilia. Alilia mara moja. Tukangoja alie tena.

Mama alilivaa buibui kinyumenyume, akashuka ngazi bila viatu, nami nikamfuata nimejifunika shuka ya kitanda. Njiani palikuwa na wanaume watatu na mwenye punda. Hakuna aliyegeuka kututazama.

Mama mdogo alikuwa amelala ubavu, uso kwenye ukuta. Mkunga alikuwa amemshika mtoto kwenye kitambaa, amekwisha kumfunika. Mama akapiga magoti, akamshika dada yake mgongoni, mahali alipoahidi.

"Ndia ni hatua kumi," mama mdogo alisema bila kugeuka. "Umetoka wapi, Unguja?"

Halafu akamwambia amwondolee mkono. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mama.

Mtoto alikuwa amelia, kwa hiyo alistahili jina na kusaliwa. Ndugu wa kiume wa karibu wa kusimamia mazishi alikuwa baba. Alirudi kazini magharibi, akaambiwa, akasema, "Mungu amrehemu," akakaa juu. Alidai nyumba ile inatazamwa na askari. Mume wa mkunga, yule mchukuzi, ndiye aliyembeba mtoto, akasaliwa na yeye na wachukuzi wenzake wawili.

Tangu siku ile mama alivaa buibui lake mwenyewe. Alikwenda sokoni, alikwenda Langoni, alikwenda kila mahali isipokuwa nyumba ya mbele. Baba alipomkataza mara ya kwanza, mama alilivaa mbele yake akashuka ngazi.

Vita vikaisha. Mwalimu akarudi kutoka Mombasa amekonda, ndevu nyeupe. Juma la kwanza yeye na baba walipishana msikitini bila salamu. La pili walisalimiana. Ilipofika Idi walikuwa wameketi dakani kwetu, kwenye vile viti vya mawe vya mlangoni, wanakunywa kahawa kama zamani. Wanaume wana kipaji cha kusamehe walichokitenda wao.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na birika, nikingoja vikombe virudishwe. Baba alikuwa akimwigiza mwalimu alivyotoka msikitini na viatu mkononi. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wallahi tulikuwa wajinga," na baba akasema, "Ujana, bwana." Walikuwa na umri wa kutosha kuwa na wake na watoto, nao wanauita ujana.

Nikauliza kutoka nyuma ya mlango, "Yule mtoto kazikwa wapi?"

Baba akaniambia nipande juu. Sikupanda. Nikamsikia mwalimu akimuuliza baba kwa sauti ndogo, "Kazikwa wapi?" na baba akajibu kwamba hajui, kwamba siku zile mambo yalikuwa magumu. Mwalimu akaweka kikombe chini, akavuka njia, akapanda kwake. Madirisha yao yalikuwa wazi na sauti ya mama mdogo haikuwa ndogo.

"Wataka kujua yeo? Kamuulize rafiki yako."

Baba alisikia kama nilivyosikia mimi. Mchukuzi aliyelijua kaburi alipita mbele ya daka lile karibu kila siku, na mzigo begani, kwa miaka mingi baada ya hapo. Wale wawili walikuwa wakimwitikia salamu yake, wakaendelea na kahawa yao, na hakuna aliyewahi kumwomba awaonyeshe.